Makongamano ya programu za wakati halisi: maswali ninayoulizwa kila wiki na mafundi na wanafunzi wa Dar

Habari zenu wadau. Kila nikiweka kwenye grupu andiko la kongamano la programu za wakati halisi meseji zinamiminika, na maswali ni yale yale, wa DIT anauliza alichouliza wa CoICT (koleji ya TEHAMA ya UDSM) pale Kijitonyama, fundi wa Kariakoo anauliza alichouliza mwanafunzi, kwa hiyo nimeyakusanya hapa niyajibu kwa pamoja. Mimi kazi yangu ni kutengeneza bodi za kuendesha pampu na vyumba baridi, na mengi ninayoyajua nimeyatoa kwenye maandiko ya haya makongamano, ndo maana nayapigia debe.

Dada, "wakati halisi" si ndo programu inayokimbia haraka?

Hapana, na hili naomba mlishike kabla ya mengine yote. Wakati halisi maana yake jibu linatoka kabla ya muda uliowekwa, kila mara, hata siku mbaya. Chukua dereva wa daladala anayetoka Mbagala leo akafika Kariakoo kwa nusu saa afu kesho akatumia saa mbili, huyo ana spidi lakini huwezi kupanga naye kitu, ila yule anayefika kila siku ndani ya dakika 70 unaweza kumkabidhi mgonjwa mwenye miadi ya saa tatu asubuhi. Programu inayojibu kwa milisekunde 1 mara 999 na mara ya 1000 ikachukua sekunde nzima, hiyo kwenye breki za gari ni mbovu, hata kama wastani wake unapendeza. Jibu sahihi likichelewa linahesabika ni kosa.

Kuna zile ngumu, ambazo kuchelewa mara moja tu ni balaa (breki, mashine ya moyo, usukani wa ndege), na kuna laini, kama video inayokwama kidogo ukiwa unaangalia mpira. Makongamano haya yanahangaika zaidi na zile ngumu.

Ni makongamano gani hasa?

Yapo kadhaa. La Ada-Europe (Ada ni lugha ya kuandikia programu, nitaieleza chini) linafanyika kila mwaka mwezi wa sita hivi, linazunguka miji ya Ulaya, na mada yake ni teknolojia za programu za kuaminika. Marekani kulikuwa na makongamano ya SIGAda, kundi la ACM (chama cha watu wa kompyuta), na kuanzia 2012 wakaleta lingine linaitwa HILT, la lugha na zana za mifumo isiyotakiwa kukosea. Afu kuna RTSS la IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki), kwa kawaida linaangukia mwezi wa kumi na mbili, na ECRTS la Ulaya, haya mawili hisabati yake ni nzito zaidi.

Ukienda, kawaida kuna siku za mafunzo na warsha, kuna siku za maandiko ya kitaaluma, kuna wa viwandani wanaosimulia walichokutana nacho, na kuna meza za wauza zana. Mimi ningekwambia kaa zaidi kwa wale wa viwandani.

Watu kukaa ukumbini siku tatu wanaongea, kinatoka nini?

Nikupe mfano mmoja. Mwaka 1997 kikundi kidogo cha watu wa Ada na wakati halisi kilikutana kwenye kijiji kinaitwa Ravenscar, Yorkshire, Uingereza. Walikuwa na shida moja: Ada ina uwezo mkubwa wa kuendesha kazi nyingi kwa pamoja, lakini ukiutumia wote huwezi kuthibitisha kwamba kila kazi itawahi. Wakakaa wakakata, hiki kitoke, hiki kibaki, mpaka wakapata kipande kidogo ambacho mtu anaweza kukikagua na kukipigia hesabu. Wakakiita kwa jina la kijiji. Baadaye kikaingia kwenye kiwango rasmi cha lugha, Ada 2005, na hadi leo mtu anaandika mstari mmoja tu juu ya programu yake na kompaila (programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine) inamkatalia chochote kilicho nje ya Ravenscar. Hicho kimetoka kwenye watu kukaa na kuongea.

Kwa nini kila mahali Ada, Ada? Mbona chuoni hatujafundishwa?

Miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na lugha nyingi mno kwenye mifumo yake, kila mradi na ya kwake, matengenezo yakawa gharama kubwa. Wakaitisha shindano, timu nne zikapewa majina ya rangi ili waamuzi wasijue nani ni nani, na 1979 ikashinda ya kijani, ya timu ya Jean Ichbiah kutoka Ufaransa. Jina wakampa Ada Lovelace, aliyeandika maelezo ya mashine ya Charles Babbage karne ya 19, na namba ya kiwango chake ikawa 1815, mwaka aliozaliwa huyo mama. Kiwango cha kwanza kamili ni cha 1983, cha sasa ni Ada 2022.

Utamu wake ni kwamba unasema unachomaanisha. Friji ya chanjo inatakiwa kuwa nyuzi 2 mpaka 8, basi unaunda aina ya namba inayoanzia 2 inaishia 8, na mtu akijaribu kuweka 9 humo ndani programu inapiga kelele hapo hapo. Kwenye lugha ya C hiyo 9 inapita kimya kimya na utaijua chanjo zikishaharibika.

Kama Ada ni salama hivyo, mbona roketi ya Ariane 5 ililipuka?

Swali zuri kuliko yote, na kila anayeuliza anadhani amenikamata, kwa hiyo kaa vizuri nikueleze.

Tarehe 4 Juni 1996, Kourou, Guyana ya Ufaransa, Ariane 5 inaruka kwa mara ya kwanza. Sekunde kama 37 tu baada ya injini kuwaka ikapinda ghafla, ikaanza kukatika na ikajilipua. Ndani kulikuwa na setilaiti nne za utafiti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ikatoa ripoti mwezi uliofuata, na hiyo ripoti ningependa kila mwanafunzi aisome.

Kifaa cha kupima mwelekeo kilitumia programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kuna sehemu ilikuwa inabadilisha namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32767. Kwenye Ariane 4 namba ile haikuwahi kufika huko, ila Ariane 5 njia yake ni tofauti na inachukua spidi kubwa ya kwenda pembeni mapema, namba ikafurika. Ada ikafanya kazi yake, ikasema hapa kuna kosa. Lakini hakuna aliyeandika la kufanya kosa likitokea pale, kwa sababu walikuwa wamewekeana kikomo kwamba prosesa isizidi asilimia 80 ya uwezo wake, hivyo kati ya namba saba zilizokuwa na hatari hiyo wakalinda nne, tatu wakaziacha. Kifaa kikajizima. Kile cha akiba? Kilikuwa na programu ile ile, na chenyewe kilishajizima sehemu ndogo ya sekunde kabla, kwa kosa lile lile. Kompyuta kuu ikabaki inapokea taarifa za hitilafu ikazisoma kama vile ni data za safari, ikageuza midomo ya injini mpaka mwisho.

Na linaloniuma zaidi kila nikisoma: ile sehemu iliyofurika haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka. Ilikuwa ya kupanga mwelekeo roketi ikiwa bado chini, iliachwa iendelee sekunde 40 hivi kwa sababu ya hitaji la Ariane ya zamani, na Ariane 5 haikuhitaji kabisa. Na hawakuwahi kuijaribu ile programu kwa data za njia ya Ariane 5 yenyewe.

Kwa hiyo lugha ilikamata kosa, waliokosea ni watu walioamua kosa hilo haliwezi kutokea na wasiandike kwenye msimbo kwa nini wameamua hivyo. Ukichukua msimbo wa mradi wa zamani ukaubandika kwenye mradi mpya, umechukua na mawazo yote ya mwenzako kuhusu dunia yake. Andika mawazo hayo kwenye msimbo wenyewe, kuanzia Ada 2012 unaweza kuandika kabisa sharti la kabla na sharti la baada na kompaila ikayaweka ulinzini.

Sisi tunatumia bodi ndogo za Arduino na ESP32 za kununua Kariakoo. Roketi inatuhusu nini?

Kosa la kaunta kufurika halina ukubwa wa mradi. Kuna mteja wangu Kigamboni, kisima na tangi, nilimfungia bodi ya kuwasha pampu na kuizima baada ya muda fulani. Ikafanya kazi vizuri wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, mteja ananisifia kwa majirani, afu wiki ya nane naamshwa na simu alfajiri, pampu imekesha inasukuma, tangi limefurika mpaka kwa jirani. Nimezima, nimewasha, inafanya kazi safi. Nikakaa nayo siku mbili bila kuona kitu.

Kumbe ni millis. Ile kaunta ya milisekunde ina biti 32, inajaa baada ya siku 49.7 na kurudi sifuri. Mimi nilikuwa naandika "saa ya kuzima ni sasa ongeza dakika tano", afu nasubiri kaunta ipite hapo. Siku hiyo saa ya kuzima ikaangukia sekunde za mwisho kabla ya kaunta kurudi sifuri, wakati huo huo modemu ilikuwa inatuma meseji na msimbo wangu ukawa umesimama unaisubiri, ilipomaliza kaunta imesharudi sifuri na ile saa ya kuzima imekuwa mbali siku 49. Dawa yake ni mstari mmoja: chukua sasa, toa muda ulioanza, linganisha hiyo tofauti, na namba ziwe zile zisizo na alama ya hasi. Ukitoa hivyo kurudi sifuri hakukusumbui.

Sasa angalia wakubwa. Mwaka 1991, tarehe 25 Februari, mfumo wa Patriot wa kutungua makombora kule Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili kwa mfumo wa sifuri na moja, kila hesabu inapoteza kitu kidogo sana, na mtambo ulikuwa umewashwa mfululizo saa 100 hivi, makosa yakafika sekunde 0.34. Kwa kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Afu 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza ndege za Boeing 787 zisikae na umeme mfululizo siku 248 bila kuzimwa, kwa sababu kaunta kwenye vidhibiti vya jenereta ingejaa na vyote vinaweza kujizima kwa pamoja. Piga hesabu, mbili kwa kipeo cha 31, kwa sehemu ya mia ya sekunde, utapata siku 248 na ushee.

Na lililofika mpaka nyumbani kwako: LUKU. Unakumbuka 2024 tulivyoambiwa tuingize namba za ziada kwenye mita kabla ya zile za umeme wenyewe? Zile tarakimu 20 za tokeni zimebeba ndani yake muda, dakika ngapi zimepita tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zilikuwa zinaisha 24 Novemba 2024, kwa mita zote duniani za kiwango hicho zinazohesabu tangu 1993. Mimi hili nalipenda kwa sababu walioandika kile kiwango waliacha mlango wa kubadilisha ufunguo wa mita na kuanza kuhesabu upya, na mlango huo ndo ulitumika. Bibi yangu kule Temeke aliingiza namba zake mwenyewe na taa zikaendelea kuwaka. Kifaa kidogo ukutani, bila intaneti, zaidi ya miaka thelathini ya hesabu, na kimevuka.

Kila mada wanataja Mars. Kulitokea nini?

Mars Pathfinder ilitua 4 Julai 1997, siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe na kupoteza data za siku. Fikiria nyumba ya kupanga, wapangaji wengi, bafu moja na ufunguo mmoja. Mtoto kachukua ufunguo. Mama mwenye nyumba ana haraka kuliko wote lakini lazima asubiri mtoto, sawa, ila wapangaji wengine wasiohitaji hata bafu wanamtuma mtoto dukani, mara maji, mara mkaa, na kwa kuwa ni wakubwa kwake anawatii. Mwenye nyumba anamaliza asubuhi mlangoni. Ndo kilichotokea: kazi ya chini ya vipimo vya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi ya juu inaisubiri, kazi za kati zikawa zinaipita ya chini. Taima ya ulinzi ikaona ya juu imechelewa, ikariseti kila kitu.

Dawa ilikuwepo kwenye vitabu tangu 1990: aliyeshika ufunguo apewe hadhi ya anayemsubiri mpaka aurudishe. VxWorks, mfumo endeshi waliotumia, ilikuwa na setingi hiyo, kwenye kufuli ile ilikuwa imezimwa, wakaiwasha wakiwa duniani. Kwa anayetumia FreeRTOS (mfumo endeshi mdogo wa bodi kama zetu), kufuli zake za aina ya myuteksi zinafanya hivyo, semafo za kawaida hazifanyi, usizichanganye.

Nitajuaje kazi zangu zote zitawahi?

Kuna hesabu ya Liu na Layland ya 1973, bado inafundishwa. Kila kazi chukua muda inaotumia, gawanya kwa muda wa kurudia, jumlisha zote. Inayorudia haraka zaidi ipe kipaumbele cha juu. Kwa kazi tatu, kama jumla haizidi 0.779 umevuka, na hata ziwe nyingi kiasi gani 0.69 ni salama. Mfano una kazi ya milisekunde 2 kila 10, nyingine 10 kila 50, nyingine 20 kila 100, kila moja ni 0.2, jumla 0.6, lala usingizi. Ukizidi kiwango haina maana umeshindwa, ina maana inabidi upige hesabu ya ndani zaidi. Na hesabu hii inachukulia kazi hazisubiriani kufuli, kama zinasubiriana ongeza huo muda.

Kosa la wengi ni kuweka muda wa wastani. Weka muda mbaya kuliko wote. Ukiwahi ndege hupangi safari kwa foleni ya Jumapili asubuhi, unapanga kwa Ijumaa jioni, mvua inanyesha na Tazara imesimama.

Lazima niache C?

Hapana. Kuna MISRA C, sheria zilizotoka kwanza 1998 kwa ajili ya magari, zinakukataza yale mambo ya C yanayoua. Lugha ya Rust nayo imeingia kwa nguvu na inakulinda kwenye kumbukumbu. SPARK, ambayo ni sehemu ya Ada, inaenda mbali zaidi, unathibitisha kwa hisabati kwamba kosa kama lile la Ariane halipo kabla hata hujawasha bodi. Jaribu moja kati ya hizi vizuri.

Linux inaweza?

Kwa mambo mengi ndiyo. Marekebisho ya PREEMPT_RT, yanayoipa Linux uwezo wa wakati halisi, yalikaa nje karibu miaka ishirini, yakaingia rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024. Kwa kitu kama breki mimi bado ningechagua chipu ndogo isiyo na mambo mengi.

Vile viwango vyenye namba vinanihusu?

Ukitaka kuuza nje au kufanya kazi na mifumo mikubwa, sana. DO-178C ni ndege, ISO 26262 ni magari, IEC 62304 ni vifaa vya hospitali, EN 50716, iliyochukua nafasi ya EN 50128, ni reli. Tangu 2024 tuna treni ya umeme Dar mpaka Dodoma, watoto wetu wanaipanda, na mtu wa kutunza mifumo ya aina hiyo kwa miaka thelathini ijayo natamani awe amesoma hapa hapa. Vyote kwa kifupi vinauliza: ulisema kitafanya nini, umejuaje kinafanya, na nani mwingine amekagua.

Naweza kupeleka andiko nikiwa Dar, sina maabara?

Unaweza. Soma maandiko ya mwaka uliopita, usiende kwenye sehemu ya nadharia kama huna nadharia, nenda ya uzoefu wa viwandani. Andika kilichoharibika, ulikigunduaje, ulipima nini kabla na baada, kwa namba. Wenzetu wengi hawajawahi kuandikia kifaa kinachokaa kwenye boksi la bati juani Mbezi, chumvi ya bahari inakula soketi, umeme unakuja na kwenda mara sita kwa siku. Sisi tunayo hiyo na hatuandiki. Usisifie bidhaa yako, wakaguzi wanachoka nayo haraka.

Na visa anza mapema mno, barua ya mwaliko omba siku ile ile andiko linapokubaliwa. Kama nauli hamna uliza kama kuna nafasi ya wanafunzi wa kujitolea au ya kuwasilisha kwa video. Zana ni bure: kompaila ya GNAT imo ndani ya GCC, Alire inakushushia vifurushi vya Ada, FreeRTOS na mwenzake Zephyr zote huru.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika data, kuna anayelizungumzia hilo?

Wapo, ila wachache, na hapa ndo natamani sauti zetu. Ninachofanya mimi: naandika rekodi mbili kwa zamu, kila moja na namba yake ya mfululizo na hesabu ya kukagua mwishoni, ikiwaka nasoma iliyo kamili na mpya zaidi. Ile nusu nusu naiacha. Kinga ya umeme mdogo kwenye chipu naiwasha, maana umeme ukishuka bila kuzimika kabisa prosesa inaweza kufanya vitu vya ajabu. Wochidogi (taima inayoriseti bodi isipopata ishara kwa wakati) nailisha sehemu moja tu, na nailisha baada ya kila kazi kusema iko hai, sio ndani ya intarapti ya taima (ile inayokatiza programu kila baada ya muda fulani), kwa sababu intarapti inaweza kuendelea kupiga huku programu yote imekufa. Na kila ikiwaka naandika sababu ya kuwaka: umeme, wochidogi au mtu kabonyeza. Bodi ya Kigamboni sasa hivi ina orodha ya miezi kumi na nne, ukitaka kuiona nitumie meseji nikutumie faili lote.